Mita 700 za kwenda kliniki

Katika daftari langu kulikuwa na jina la shosho mmoja, yaani bibi mzee, wa Kaptembwo, mtaa wa Nakuru, na mbele ya jina hilo nilikuwa nimeandika maneno yale yale miezi mitatu mfululizo: amekosa kliniki. Shosho ana kisukari na presha. Zahanati haiko mbali. Ukisimama nje ya ploti yao unaliona tangi lake la maji. Mimi ni mhudumu wa afya ya jamii, nina kaya karibu 100 ninazozitembelea hapa mtaani, na mgonjwa akikosa kliniki mara tatu ni juu yangu kumfuata. Nilimfuata nikiwa nimejiandaa kumweleza habari za figo, macho na vidonda vya miguu. Akaniacha nikamaliza yote. Kisha akasema, "Mwanangu, dawa nazitaka. Njia ndiyo imenishinda. Kesho njoo twende wote ujionee."

Tulitoka saa mbili asubuhi. Ni mita 700 tu, baadaye nilikuja kuzipima. Mimi huzimaliza kwa dakika tisa. Siku hiyo tulitumia dakika 46.

Si kwamba shosho ana mwendo mbaya. Akiwa na fimbo yake kwenye ardhi iliyo sawa anatembea vizuri tu. Kilichotuchelewesha ni slabu. Kwenye ile barabara ya lami, njia ya miguu ni mtaro wa maji ya mvua uliofunikwa kwa slabu za saruji, na pale slabu inapokosekana pamebaki shimo. La kwanza lilikuwa na upana wa sentimita 70 hivi na kina cha kufika kiunoni mwa mtoto. Mtu mwema alikuwa amesimamisha humo tairi kuukuu na kijiti chenye karatasi nyekundu ya nailoni, ili watu walione. Mimi niliruka bila kuwaza. Nilipogeuka, shosho alikuwa amesimama ng'ambo, ameshika fimbo kwa mikono miwili, ananitazama. Yeye haruki. Alirudi nyuma hatua nane hadi mahali ukingo ulipobomoka, akashuka barabarani, akangoja matatu ipite, akangoja bodaboda mbili, akatembea ndani ya lami huku amenishika kiwiko, kisha akatafuta mahali pa kupandia tena. Hatua kama ishirini mbele, shimo la pili. Tukaanza upya.

Nilihesabu mashimo 20. Slabu hizo hazikuvunjika zenyewe. Ndani yake mna nondo, na chuma chakavu kina bei kwa kilo. Kila shimo lilikuwa na historia ambayo shosho aliijua: hili liling'olewa wakati wa mvua, lile mwanafunzi alivunjika mguu. Katikati ya safari alikaa kwenye jiwe moja kubwa nje ya kinu cha kusagia unga, akapumua. "Hapa ndipo nusu," akaniambia. "Mtu akilikalia jiwe hili, mimi sifiki."

Usiku huo nilikata yale maneno kwenye daftari, nikaandika juu yake: barabara imemkosesha kliniki. Najua safu hiyo haipo kwenye fomu yoyote niliyowahi kupewa.

Wakati huo huo kikundi cha vijana wa mtaa kilikuwa kinatafuta watu wa kujifunza kuchora ramani kwa simu. Niliingia kwa sababu nilikuwa na simu na kwa sababu kazi yangu ni kutembea. Tulifundishwa kwa siku mbili katika ukumbi wa kanisa. Mafunzo yalihusu OpenStreetMap, ile ramani ya dunia iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004 na Steve Coast, ambayo mtu yeyote anaweza kuichora, kuirekebisha na kuitumia bila malipo. Hapa Kenya wengi waliisikia kupitia Kibera, ambako mwaka 2009 vijana walianza kuchora mtaa wao wenyewe. Maelfu kwa maelfu ya watu walikuwa wakiishi hapo, lakini kwenye ramani ya mtandaoni hapakuwa na kitu.

Mtaa wetu haukuwa tupu hivyo. Barabara zilikuwepo, majina mengine pia. Niliisogeza picha kwa kidole hadi kwenye ile barabara ya shosho na nikaona mstari mmoja mweupe, umenyooka, safi, kutoka mwanzo hadi mwisho. Hakukuwa na shimo wala mtaro wala jiwe la kinu. Kwa mwenye gari ramani ile ilikuwa ya kweli kabisa.

Jambo la kwanza nililojifunza hapo, ambalo hadi leo naliona kubwa, ni tofauti kati ya "hakuna" na "haijulikani". Kwenye ramani hii kila barabara inaweza kubandikwa lebo inayosema kama ina njia ya miguu, na iko upande gani. Barabara isiyo na lebo haimaanishi kwamba haina njia ya miguu. Maana yake ni kwamba hakuna aliyekwenda kuangalia. Lakini mtu akienda, akaangalia, akaandika "hakuna", basi huo ni ushahidi. Jioni moja tulizipaka rangi barabara zote za Kaptembwo na mtaa jirani wa Rhonda ambazo hazikuwa na lebo yoyote. Karibu skrini nzima ikawa kijivu. Nakuru ilipewa hadhi ya jiji tarehe 1 Desemba 2021. Kwa sensa ya 2019 ilikuwa na watu zaidi ya 570,000, na wengi wetu tunakwenda kazini, sokoni na shuleni kwa miguu. Hakuna aliyekuwa ameangalia tunapita wapi.

Tulianza kwa pupa. Tulitumia StreetComplete, programu ya simu inayokuuliza maswali ukiwa umesimama mahali penyewe: hapa pana njia ya miguu? Imetengenezwa kwa nini? Pana taa? Unajibu, unasonga. Kwa mambo ambayo programu hiyo haiulizi tulitengeneza fomu yetu kwenye KoboToolbox, programu ya kukusanyia taarifa, na kuipachika kwenye simu zote. Wiki mbili tukawa na mamia ya nukta, na nyingi zilikuwa na kasoro.

GPS ya simu ya kawaida, ile inayoonyesha mahali ulipo, hata mahali pa wazi hukosea kwa mita tatu hadi tano. Katikati ya ghorofa na mabati hukosea zaidi. Barabara yetu na mitaro yake haizidi upana wa mita kumi. Kwa hiyo shimo la upande wa kinu lilitokea upande wa kanisa, na nguzo ya stima ikasimama katikati ya lami. Tena, kwenye OpenStreetMap kushoto na kulia hufuata mwelekeo ambao mstari wa barabara ulichorwa, si mwelekeo unaotembea wewe. Mimi sikulijua hilo. Wiki nzima ramani ilionyesha njia ya miguu upande ambao hauna hata kokoto, na niliyeiandika hivyo ni mimi. Baada ya hapo tuliacha kutegemea nukta pekee. Kila kitu tulikiandika pamoja na jirani yake: upande wa kinu, hatua kumi kabla ya geti la shule, mbele ya fundi viatu. Tukachapisha ramani kwenye karatasi na kutembea nayo, na kalamu ikawa inasahihisha simu.

Kosa jingine lilikuwa la upana. Fomu iliuliza njia ina upana gani, nasi tukapima mahali pazuri, maana hapo ndipo utepe wa kupimia unapolala vizuri. Tukaandika mita mbili. Kijana mmoja wa kikundi, ambaye hutumia kiti cha magurudumu, alitazama orodha yetu akatuuliza, "Hiyo mita mbili na hiyo nguzo ya stima, nani mkubwa?" Akatupeleka. Nguzo ilikuwa imesimama katikati ya njia, na kati yake na ukuta palibaki sentimita 62. Kiti chake kina 68. Njia ya urefu wa mita 300 ilikuwa imeisha kwake pale pale kwenye nguzo, nasi tulikuwa tumeipa alama nzuri. Tangu siku hiyo tunapima mahali pembamba kuliko pote, na hicho ndicho kipimo tunachoandika.

Mambo ya mvua sitayarefusha, yeyote aliyekaa Nakuru anayajua. Udongo wetu ni wa majivu ya volkano. Masika yakianza, korongo linaweza kufunguka usiku mmoja. Kijia cha upande wa Mto Njoro tulichokichora Februari kilikuwa kimekatika mwezi wa Aprili. Sasa kila rekodi ina tarehe, na njia za udongo tunazirudia baada ya mvua.

Ninalotaka kulieleza kwa kirefu ni la vibanda.

Kwenye fomu yetu ya kwanza kulikuwa na sehemu iliyoitwa "vizuizi". Chini yake unachagua: nguzo, gari lililoegeshwa, mchanga wa ujenzi, taka, kibanda cha biashara. Nilikuwepo wakati tukiiandika na sikuona ubaya wowote. Kibanda kiko juu ya njia ya miguu, kwa hiyo ni kizuizi. Tulipita barabara ile asubuhi mbili, tukapiga picha, tukabonyeza. Kisha mmoja wetu akatengeneza karatasi nzuri yenye rangi, na juu kabisa akaandika kwa herufi kubwa kwamba zaidi ya nusu ya vizuizi vya wapita njia ni biashara ndogondogo. Ilikuwa hesabu sahihi. Tuliipeleka katika ofisi moja, ikapokelewa kwa furaha, tukapewa chai.

Wiki kama tatu baadaye, alfajiri, lori likaja. Nilisikia kelele nikatoka na leso. Askari walikuwa wanang'oa mabati na mbao, viazi vimemwagika mtaroni, watu wanakimbiza mizani na majiko yao. Huenda wangekuja hata bila sisi. Lakini mtu mmoja aliyesimama kando ya lori alikuwa na karatasi mkononi, na niliitambua ile rangi.

Kuna mama mmoja pale anayeuza viazi, sukuma na nyanya. Kaya yake ni mojawapo ya zile zangu 100; mtoto wake wa mwisho nilimpima mimi uzito. Alikuwa anaokota nyanya zilizobaki nzima, anaziweka kwenye beseni moja moja. Hakunipigia kelele. Aliniambia tu, "Daktari, ile siku uliponipiga picha ulisema ni ya barabara."

Nilichuchumaa tukaokota wote. Sikuwa na jibu, na sijapata jibu zuri hadi leo.

Siku zilizofuata nilipita pale mara nyingi kuliko kawaida, na niliyoyaona yalinifundisha zaidi ya yale mafunzo ya kanisani. Sehemu walipotolewa haikukaa wazi hata siku mbili. Magari yalipanda yakaegeshwa hapo. Tulikuwa tumeyaandika magari pia kama vizuizi, lakini gari haliwi pale saa kumi na moja alfajiri lori linapopita. Jioni ikawa mbaya zaidi. Mulika mwizi ya kona ile, ile taa kubwa ya mlingoti mrefu, ilikuwa imezimika muda mrefu, na mwanga uliobaki ulikuwa wa zile taa za vibanda na majiko ya mahindi. Wanawake wanaotoka kazini saa moja na nusu walianza kuzunguka njia nyingine, kwa sababu pale palikuwa pametulia mno na pana giza.

Nikarudi kwenye picha zetu za mwanzo na kuzitazama upya pamoja na vijana. Kibanda cha mama wa viazi kilikuwa kimeacha nafasi ya karibu mita moja na nusu mbele yake. Shosho alikuwa anapita hapo bila shida. Ndiyo sehemu pekee ya barabara ambayo slabu zote zilikuwa nzima, kwa sababu hakuna mwizi wa nondo atakayeng'oa slabu mbele ya mama aliyekaa pale tangu alfajiri hadi usiku. Sisi tuliandika kuwepo kwake. Hatukuandika nafasi aliyoiacha, wala taa yake, wala slabu alizozilinda bila kulipwa na mtu.

Tuliifuta sehemu ya "vizuizi" kwenye fomu. Mahali pake tuliweka swali moja: hapa, saa hii, imebaki nafasi ya sentimita ngapi ya kupita? Iwe kilichobana ni nguzo au gari au meza ya nyanya, kipimo ni kile kile, na saa inaandikwa. Ukiuliza hivyo unaona mambo mengine kabisa. Vibanda vingi viliacha nafasi ya kutosha. Vichache havikuacha. Kwa hao tulikwenda na utepe wa kupimia kabla ya kwenda na simu. Kwenye kikao cha chama chao walikubaliana kurudi nyuma na kuchora mstari wa chokaa wao wenyewe, na hakuna anayeuvuka, maana jirani yake ndiye askari. Wengi wa waliong'olewa wamerudi. Mama wa viazi amerudi. Picha hatupigi tena bila kuomba, na karatasi haiondoki mtaani kabla ya kusomwa kwa sauti mbele ya wale walioandikwa ndani yake.

Somo hilo lilitusaidia mapema kwenye jambo la taa. Tulikuwa tumeandaa ramani ya sehemu zote zenye giza, na kijana wetu wa kompyuta alitaka kuiweka mtandaoni kila mtu aione. Tukaisoma kwanza kwa wanawake wa mtaa. Mmoja, anayefanya zamu za usiku, akasema, "Mnaandika mahali pasipo taa na saa ambazo sisi tunapita. Mwizi naye ana simu." Chumba kilinyamaza. Nguzo za taa zilizopo tumeziweka wazi kwenye OpenStreetMap, kwa sababu hizo kila mtu anaziona. Lakini orodha ya vijia ambavyo wanawake na wasichana huvipita peke yao, na saa zao, iko kwenye karatasi, na tumeipeleka mkono kwa mkono.

Kuhusu vivuko nitasema moja tu. Watembea kwa miguu ni zaidi ya thuluthi ya watu wanaokufa barabarani nchini mwetu, kila mwaka, na kila mara mtu akigongwa utasikia, "Si angevuka kwenye zebra." Tulisimama kwenye barabara moja asubuhi watoto wanapokwenda shule, saa kumi na mbili na nusu hadi saa moja na nusu, tukihesabu kwa vijiti kwenye karatasi. Watoto walivuka mahali kijia chao kinapotokea. Zebra ilikuwa mbele sana, hakuna kijia kinachofika hapo, na rangi yake ilikuwa imefutika. Picha ya satelaiti ilikuwa na jibu hata kabla hatujahesabu: kijia kile kimekanyagwa hadi kinaonekana kutoka angani, mstari wa kahawia kwenye nyasi, unaelekea moja kwa moja mahali watoto wanapovuka. Miguu ilikuwa imeshachagua. Kilichobaki ni rangi na matuta vifuate miguu.

Sasa ofisi. Tulidhani kazi ngumu ni ramani. Barua yetu ya kwanza kuhusu slabu ilizunguka miezi miwili na kurudi, kwa sababu tuliipeleka kwa asiye mwenye barabara. Hili mtu angetuambia mapema tungeshukuru. Sheria ya Barabara ya 2007 iliunda mamlaka tatu: KeNHA kwa barabara kuu za kitaifa, KURA kwa za mijini na KeRRA kwa za vijijini. Kisha Katiba ya 2010 ikazikabidhi kaunti barabara zake. Mtembeaji anavuka mipaka hiyo yote kwa dakika kumi bila kujua, lakini barua haivuki. Siku hizi kwenye ramani yetu kila kipande cha barabara kina jina la mwenyewe, na kila mwenyewe anapata karatasi yake.

Halafu kuna kalenda. Tulipompata mwenye barabara, ilikuwa Mei, na tukaambiwa kwa upole kwamba tumechelewa. Kwa sheria ya usimamizi wa fedha za umma ya 2012, kaunti hupeleka mpango wake wa maendeleo wa mwaka kwenye bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba, na makadirio ya bajeti kufikia tarehe 30 Aprili, ili mwaka wa fedha uanze tarehe 1 Julai. Jambo lisilokuwemo kwenye mpango wa Septemba litapata taabu sana kuingia Aprili. Sisi tulikuja na ramani nzuri wakati milango imefungwa. Mwaka uliofuata tulikuwepo kwenye vikao vya wananchi tangu cha kwanza, na hatukubeba kompyuta. Tulibeba karatasi moja kwa kila diwani: upande mmoja ramani ya mita 700, upande wa pili picha za yale mashimo 20, kila moja na namba yake na upana wake.

Lakini sidhani ni karatasi iliyomgusa injinia. Tulimwomba atembee nasi. Alikuja na viatu vizuri na kofia ya kazi, nasi tukaja na shosho. Hakuna aliyetoa hotuba. Kwenye shimo la kwanza injinia aliruka, kama nilivyoruka mimi, kisha akageuka. Shosho alikuwa amesimama ng'ambo na fimbo yake. Injinia alirudi. Alimshika mkono wakashuka barabarani wote wawili, wakangoja matatu ipite. Kufikia shimo la sita alikuwa ameacha kuzungumza na simu. Kwenye jiwe la kinu shosho alikaa, akamwambia, "Kijana wangu, na hapa pia uandike. Hapa ndipo nusu." Nikaona aibu, kwa sababu miezi yote ile tulikuwa tumeandika nguzo na mashimo na taa, na hatukuwa tumeandika hata mahali pamoja ambapo mtu mzee anaweza kukaa. Ramani ile ina alama ya benchi. Ilikuwepo siku zote.

Fundi mmoja wa mtaa ndiye aliyetoa wazo la wizi wa nondo: slabu ziwekwe nzito zaidi na ziunganishwe kwa saruji, isipokuwa moja kila baada ya tano, ambayo inaachwa huru ili mtaro uweze kuzibuliwa. Wazo lake lilikubaliwa. Kazi ilianza mwezi wa Agosti, na mama wa viazi alikuwa akiwapikia mafundi chai.

Juzi nilipita na utepe wangu. Kati ya mashimo 20, 14 yamefunikwa. Mawili kati ya hayo yamefunguka tena. Zile slabu zilizoachwa huru zimeng'olewa, tairi na kijiti vimerudi. Usiku ule ule nilibadilisha rekodi na kuweka tarehe. Nguzo ya stima iko pale pale na kijana wetu bado anazunguka. Nje ya kinu pana benchi ya saruji kando ya jiwe, ingawa shosho analipenda jiwe zaidi, anasema benchi ni baridi. Mwezi uliopita alifika kliniki kwa dakika 21 na sukari yake ilipimwa.

Barua ya mashimo sita yaliyobaki na ya nguzo iko tayari, na safari hii itafika kabla ya Septemba. Chini yake kuna sahihi 48 na dole gumba moja la wino wa bluu.